Mwezi Nilioapa Kuuona

Hamisi,

Katika Timbwani yote, toka kivukoni mpaka minazi ya mwisho, hapana mtu mwenye macho kama ya babako. Miaka kumi na moja mfululizo mimi ndiye niliyeuona mwezi wa Idi wa kwanza, kabla ya maalim, kabla ya vijana wenye macho mapya. Ilifika mahali watu hawatazami tena magharibi. Walikuwa wakinitazama mimi.

Haya, uongo. Wajua ni uongo, nami najua wajua, kwa hivyo tusipotezeane wino. Labda miaka miwili niliuona kweli. Miaka mingine mtoto fulani alisema "ule pale" kwa sauti ndogo, nami nikasema "ule pale" kwa sauti kubwa, na watu humshika mwenye sauti kubwa. Mwaka huu hapakuwa hata na mtoto. Nitafika huko, usinikimbize.

Salamu sikupi. Miezi mitano hatusemi, salamu za ghafla zaweza kukutia homa na kesho una safari. Naandika baada ya adhuhuri, nimeketi kizingitini, jua lingali mlangoni. Wewe umekwenda Mtongwe kuwaaga jamaa za mamako, na mamako yuko ndani anapiga pasi shati zako kwa hasira, makaa yanaruka. Kesho jioni wapanda gari moshi kwenda Nairobi, na kutoka huko ndege, na mwisho wake Marekani, kusomea uinjinia wa vyombo vya kwenda kule juu. Na ile karatasi inayotaka sahihi ya mzazi, kwa kuwa hujatimiza miaka ishirini na moja, iko hapa chini ya makalio yangu. Wiki tatu naikalia kama kuku. Bila sahihi hiyo huendi popote, labda Ukunda tu.

Mambo ya fulana, na nguruwe, na kulala na nywele mbichi, mamako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena kivukoni mpaka kivuko kiondoke naye. Sitaki kumwibia kazi yake. Mimi nina ugomvi nawe, na nataka kuumaliza wewe ukiwa hapa, kwa maana kugombana kwa posta ni upuzi. Mtu akasirika leo, tusi lafika baada ya mwezi, mwenyewe amekwisha kusahau alikasirikia nini.

Wa kulaumiwa kwanza ni Mrusi. Kabla hajarusha ule mpira wake wa bati kuzunguka dunia, ulikuwa mtoto mwenye akili zake. Ulikuwa waiba maembe, wachelewa chuoni, wapigwa, mambo yako yote sawasawa. Halafu ukasikia dukani kwamba mpira ule unasema, na ukiwa na redio nzuri na waya mrefu waweza kuusikia. Ukapanda juu ya paa, ukavuta waya mpaka kwenye mpapai, ukambembeleza mwenye duka alete redio yake. Tukaketi watu wazima kumi, kimya, tukimsikiliza kifaranga. Pi, pi, pi. Nikauliza kama ndiyo haya, serikali nzima imeunguza mafuta yote hayo ili kumpeleka kifaranga mbinguni. Ukanitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia msikitini. Toka siku hiyo hukurudi.

Mimi nimesoma Kurani chuoni nikahitimu, na skuli ya serikali nimekwenda miaka miwili, mpaka kugawanya kwa tarakimu moja. Kugawanya kwa tarakimu mbili sikufika, babangu alinihitaji shambani. Na wewe mbele ya macho yangu ukaanza kuzidisha herufi kwa herufi. Nilikuuliza herufi na herufi zikizidishwa huzaa nini, ukasema yategemea. Yategemea nini? Ukacheka. Hapo ndipo nilipoanza kuyachukia masomo yako, nikupe ukweli. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayecheka katika nyumba hii.

Ukajaza nyumba makaratasi ya mifuko ya saruji uliyoyapiga pasi, kila moja ina mchoro wa kitu kama ndizi yenye mapezi. Ukapata ile rula ya kupigia hesabu, yenye ulimi unaoteleza, ukawa walala nayo. Karani mmoja wa bandarini akakuazima kitabu cha mabaharia, kile chenye mahesabu ya jua na mwezi na nyota kwa kila siku ya mwaka, ukakibeba kwa heshima usiyonipa mimi. Kisha ukajaza vichwa vya viberiti ndani ya pampu ya baiskeli, ukaielekeza baharini, ikaelekea jikoni. Paa la jiko la mamako likateketea lote. Na nakumbuka ulivyosimama, moto uko nyuma yako, wanawake wanapita na ndoo, na wewe wapima kwa hatua pampu imeruka umbali gani.

Nilikuchapa siku ile na sijuti. Ila kesho yake, nyumba ikiwa tupu, nilikwenda penye alama uliyochora mchangani, nikazipiga hatua zile mwenyewe. Thelathini na mbili. Mamako hajui. Usimwambie.

Haya, sasa mwezi.

Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Tangu asubuhi ulikuwa umelala kifudifudi mkekani na kile kitabu, unajumlisha. Baada ya alasiri ukanijia, shikamoo kwanza, kwa adabu zako zote, ukasema leo mwezi utatua dakika sita kabla ya jua, kwa hivyo hata malaika hatauona. Ulisema hayo mbele ya mamako aliyekuwa akichambua mchele. Akacheka. Hakunicheka mimi, sasa najua, alicheka ya malaika. Lakini mimi nilikuwa sijavuta sigara tangu daku, na mtu asiyevuta husikia anachekwa na kila kitu, hata na mchele.

Nikaenda uwanjani nyuma ya msikiti, pale ambapo minazi haizibi magharibi, kama mtu anayekwenda kupigana. Tulikuwa watu thelathini hivi. Jua likatua. Sasa nakuambia nilichokiona, na hakuna binadamu niliyemwambia mpaka asubuhi ya leo. Niliona uji. Magharibi yote ilikuwa uji wa rangi ya chungwa, na taa za Kilindini zimeelea ndani yake kama samli. Hivyo ndivyo nionavyo kila cha mbali tangu mwaka juzi. Wewe mwenyewe ukiwa ng'ambo ya uwanja sura yako siijui, nakujua kwa mwendo, ule mwendo wa mtu anayehesabu nyayo zake. Nilikwenda hospitali kwa siri, nikasema nakwenda kununua msumeno. Daktari akanimulika na kijitaa, akasema ni mtoto wa jicho. Kwa hivyo nina watoto wawili, na hapana hata mmoja anayenisikia.

Maalim akauliza nani ameona. Watu wakageuka kunitazama, kama ilivyo desturi. Nilikuwa na neno moja fupi la kusema, "sijauona", neno ambalo mtoto wa miaka mitatu angelisema akaenda zake kucheza. Nikainua kidole. Nikasema ule pale, juu ya mnazi ule mrefu, pembe zimeelekea kusini. Pembe, Hamisi. Niliutia na pembe.

Ushahidi wataka watu wawili. Akatoka Athumani, huyu huyu muuza kahawa wa barazani unayemjua, mwenzangu wa zamani wa kazi. Akasimama begani pangu, akakaza macho, akafuata kidole changu, akasema polepole kwamba naye auona. Maalim akatuapisha. Watoto wakakimbia na kelele, ngoma ikapigwa, mamako akaroweka mchele. Na wewe ulikuwa umesimama pembeni na kitabu kwapani. Kile kimya chako nilikichukia kuliko kelele.

Asubuhi Timbwani ikaswali Idi. Tukavaa kanzu, tukajipaka uturi, wanawake wakafunika sahani za vibibi na mkate wa sinia, tukapanda kivuko kwenda mjini kuwapa jamaa mkono wa Idi. Ng'ambo tukakuta watu wamefunga. Maduka wazi, hamali wamebeba magunia, midomo mikavu, wanatutazama sisi tunaonuka halua. Mkata tikiti akauliza kwa upole kama ni arusi, na nani anaoa. Tukageuka na sahani zetu. Kivuko kile kilichukua mwaka mzima kufika Likoni.

Jioni yake mwezi ukaandama kweli. Mimi nilihadithiwa. Walisema ulikuwa mwembamba kama uzi uliochomoka kwenye leso, na mtu yeyote aliyewahi kuangalia juu alijua huo si mwezi wa siku ya pili. Tukawa barazani, hapana anayemtazama mwenziwe. Ndipo ulipokuja ukasimama mbele yangu.

"Baba," ulisema, "jana mwezi ulitua kabla ya jua. Uliona nini?"

Laiti ungenidhihaki. Dhihaka ni lugha yangu, ningekujibu watu wakacheka na jambo likaisha. Lakini wewe uliuliza kwa sababu ulitaka kujua. Ulidhani labda kuna kitu kingine nilichokiona, wingu, ndege, nyota fulani isiyo katika kitabu chako. Wallahi uliniuliza kama mtu anayemwamini mwenziwe. Nikakuzaba kofi mbele ya maalim, mtu mzima wa miaka kumi na tisa mwenye ndevu tatu.

Basi Timbwani ikalipa siku moja ya kufunga, kila mtu kwa wakati wake, katikati ya joto, na kila aliyeona kiu alinitaja. Sijawahi kutajwa sana hivyo maishani. Siku moja kivukoni barobaro mmoja akasema kwa sauti, "Mzee haoni mwezi, mwanawe ataukanyaga." Watu wakacheka mpaka mwenye punda akamshika punda wake. Nami nikacheka, kwani ilikuwa nzuri, ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo. Lakini sikupanda kivuko tena wiki tatu.

Ndani ya nyumba tukawa tunasema kupitia kwa mamako. Mwambie babako anipe chumvi. Mwambie mwanao chumvi ameimaliza yeye. Na katika hali hiyo ndipo ikaja karatasi yako. Nilimpelekea karani wa posta anisomee Kizungu chake. Akasoma jina lako, na umri, na skuli, kisha akafika mahali panapouliza mwanafunzi ataka kufanya kazi gani, akasita, akasoma tena, akaniambia, "Mzee, ameandika ataka kutengeneza vyombo vya kumfikisha mtu mwezini." Watu watano walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nikaikunja karatasi, nikatoka. Nikasema moyoni, na aende, lakini si kwa jina langu. Jina langu na mwezi vimekwisha kuachana.

Maalim alifurahi. Alidhani nimekataa kwa ajili ya dini. Jamaa za mamako walidhani nimekataa kwa kuogopa utarudi na mke mwenye mbwa. Acha wadhani. Nitakuambia kwa nini nimekataa, na hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito, kwa hivyo usiniharakishe.

Uliileta mwenyewe nyumbani ile picha ya gazeti, yule Mrusi aliyezungushwa akarudi hai. Barazani walisema shujaa, shujaa, wakapokezana. Mimi nikaileta picha karibu na pua, hivyo ndivyo nionavyo siku hizi. Nikamwona mtu amefungwa ndani ya chungu, na chungu kimewekwa juu ya moto. Yule mtu sikumtazama. Nilitazama maungio ya chungu. Nilikuwa nikitafuta ribiti.

Wajua nilifanya kazi ya ribiti, lakini wajua yale niliyokusimulia, na niliyokusimulia ni yale niliyoshinda. Ilikuwa karakana moja upande wa Changamwe, kabla hujazaliwa. Tulikuwa tukiunda matishali, zile sanduku za chuma zisizo na injini zinazobeba shehena kutoka melini. Mabamba huunganishwa kwa ribiti, misumari minene ya chuma isiyo na ncha. Mmoja aipasha moto mpaka iwe nyekundu, mmoja ndani aikandamiza kwa chuma kizito na bega lake lote, na mmoja nje aipiga nyundo mpaka itoke kichwa. Athumani alikuwa ndani. Mimi nilikuwa nje. Zikishapoa, huja mtu na kinyundo kidogo, ajaribu moja moja, kidole kimoja upande huu, agonge upande ule. Ribiti nzima husema wazi. Iliyolegea hutetemeka chini ya kidole. Nzima huitia chaki. Msimamizi aliuliza nani mwenye sikio zuri, nikasema mimi. Waona, sikuanza jana.

Alasiri moja ilibaki safu ya chini kabisa, tumboni mwa tishali, kwenye tope linalonuka samaki wa juzi. Ribiti arobaini. Niligonga kumi. Thelathini zilizobaki nilizitia chaki nimelala ubavu, sikuzigonga hata moja, kwa sababu Mtongwe kulikuwa na ngoma na nilikuwa na kanzu mpya.

Lile tishali lilipakiwa saruji. Halikuzama hata vizuri, lingezama vizuri lingesahauliwa. Liliingia maji kidogo kidogo, saruji ikayanywa, ikaganda, na asubuhi tukawa na jiwe moja lenye umbo la tishali, limekaa kwenye matope watu wote walione. Msimamizi akasema mgongaji ameweka chaki, kwa hivyo ribiti zilikuwa nzima zilipogongwa, basi zimelegea baadaye, na ribiti ikilegea baadaye ni kosa la aliyeikandamiza, mkono wake dhaifu. Wakanitazama. Neno lilikuwa fupi kama lile la mwezi, "sikuzigonga". Sikulisema. Athumani akafukuzwa, na mwezi uliofuata mimi nikapewa unyapara.

Miaka ishirini na zaidi yule mtu ameamini mkono wake ni dhaifu. Umewahi kumwona anavyomimina kahawa? Muuza kahawa yeyote hushika dele kwa mkono mmoja na vikombe kwa mkono wa pili, huku anaviliza. Athumani hushika dele kwa mikono miwili. Nimekunywa kahawa ile kila siku ya maisha yako, Hamisi, na nilikuwa naisifu.

Ndiyo maana sikutaka kutia sahihi. Si kwamba nilidhani huwezi. Nilijua waweza, nilizipiga zile hatua thelathini na mbili. Niliogopa kwamba una damu yangu. Hesabu umezipata kwa walimu, lakini huu ulimi wa kusema nimeona, huu umeupata wapi kama si kwangu? Na kile chungu kina mtu ndani.

Juzi mamako alikuja akasimama mbele yangu, pasi mkononi, nikadhani atanipiga nayo. Akasema, "Mwanao akikosea hesabu huifuta kwa raba. Wewe waifuta kwa kofi." Kisha akaondoka. Miaka yote tuliyooana hajawahi kusema neno akaondoka, hubaki apate kushinda. Sikulala vizuri siku ile, wala jana.

Na asubuhi ya leo nilikwenda kwa Athumani kabla wateja hawajajaa. Nilianza na la mwezi, kwa sababu ndilo dogo. Nikamwambia sikuona kitu, sioni kitu cha mbali mwaka wa pili sasa. Akasema alikuwa akijua, alijua tangu nilipotaja pembe. Nikamuuliza mbona basi aliapa. Akapangusa kikombe kwanza.

"Ulikuwa umesimama peke yako pale," akasema.

Ningeacha hapo ningerudi nyumbani nimekonda kwa aibu tu. Lakini nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, nikamwambia na la tishali. Nilimwambia idadi, kumi na thelathini. Nilimwambia na kanzu. Akaweka dele chini, akautazama mkono wake wa kulia, juu, chini, kama mtu aliyeletewa kitu cha kununua.

"Kwa hivyo mkono wangu ulikuwa mzima," akasema.

Hakunisamehe, usije ukadhani. Wateja walikuja, akawamiminia wote, akanipita mimi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, kwamba nisije tena barazani kwake mpaka aniite. Huenda asiniite. Nimezoea kuwafukuza watu kwa maneno, sijazoea kufukuzwa kwa upole, na wallahi unauma zaidi. Nimetembea mpaka nyumbani kwa kuhesabu nyayo, ndiyo nikajua kwa nini wewe hufanya hivyo. Husaidia.

Nimeitia sahihi karatasi yako. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kwa sababu njia hiyo mkono waijua hata jicho lisipouona mstari. Imetoka nje ya mstari kidogo, imepanda juu ya maneno yao ya Kizungu. Wakiuliza, waambie babako hakuona mstari. Sema hivyo hivyo, usinipambe. Hakuona.

Na usidhani nimelikubali jambo lako. Ni wazimu. Huku bado tunagombania ni bendera gani itapanda na ni nani atakayeipandisha, wengine wataka ya Sultani, wengine ya bara, watu wanatukanana kwenye maarusi, na wewe waenda kutafuta mahali ambapo hapana hata mtu wa kumtukana. Utarudi ukiwa na koti na kuniambia herufi zimezaa. Nitakupinga. Nitakupinga hata kama umesema kweli, ili usizoee.

Lakini kuna siku moja naiona kutoka hapa nilipo, na hiyo haihitaji macho. Mtakuwa mmesimama watu thelathini, chungu kiko tayari, moto uko tayari, na yule aliye ndani ana mamake mahali fulani anapiga pasi. Mkubwa wenu atauliza kama yote yamekaguliwa. Watu watageuka wote kukutazama wewe, kwa kuwa ndiwe unayesifiwa. Na pengine kutakuwa na ngoma Mtongwe yao, na pengine una kanzu mpya. Nimekwisha kukuambia babako alifanya nini siku hiyo, mara mbili. Sina la kuongeza, na ningekuwa nalo ungekuwa umekwisha kusinzia.

Lile kofi nalijutia. Nimeliandika katikati ya karatasi ili mamako akisoma pembeni asilione.

Kuna jambo moja nakudai, na usijifanye hulijui. Toka ulipozaliwa mpaka ulipotimu miaka tisa, nilikukata kucha kila Ijumaa, mikono na miguu. Ulikuwa wapiga mateke, na mara mbili umeniuma bega. Hukuwahi kunirudishia. Kesho ni Ijumaa. Za mikono najikata bado, nikizisogeza karibu na pua. Za miguu ziko mbali, siku hizi sizioni, na mara ya mwisho nilikata pamoja na nyama, nikamwambia mamako nimejikwaa. Njoo baada ya swala ya alfajiri, kwanza jua lipande kidogo. Njoo na wembe mkali na kopo la maji ya uvuguvugu. Anza na kile kidole kidogo cha mguu wa kushoto, ndicho chenye matata. Si lazima useme kitu.